Wawira, Usinipumzishe

Mama,

Umewahi kuniona nikiandika barua? Hata mimi sijawahi kujiona. Lakini leo mkono unaniwasha. Ni saa kumi alasiri, kelele za soko la Gakoromone zimeanza kupungua, nami nimekalia gunia la ndengu kibandani kwangu, daftari juu ya goti. Kesho asubuhi, binti yangu, unaondoka Meru kwenda Kisumu kuanza kazi. Mhandisi wa maji! Nimelitamka neno hilo tangu juzi mpaka muuza viazi wa hapo mbele amenisihi niyaonee huruma masikio yake. Nina furaha nisiyojua niiweke wapi. Asubuhi mteja aliomba gorogoro moja ya maharagwe, nikampimia mbili, nikamwambia ya pili imetoka kwa mhandisi.

Sitakuandikia habari za blanketi, sufuria wala taulo. Hizo ziko mikononi mwa mama yako, ambaye tangu jana amefungua na kufunga begi moja mara nne. Mimi nina jambo moja tu. Nilipaswa kulisema Jumapili mbele ya watu, na badala ya kulisema nilipiga makofi.

Ulikuwa umesimama uani kwetu, hapo Kaaga, na lile gauni lako la kijani. Watu walikuwa wameshiba mukimo na pilau, mchungaji amekuombea, na wewe ukaomba nafasi ya kusema machache. Nayakumbuka yote.

“Watu wetu, sina maneno mengi. Huyu mzee amehaso ya kutosha. Amebeba magunia mpaka nikamaliza chuo. Sasa ni zamu yangu. Kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo Baba haendi soko tena. Ni kochi, miguu juu, rimoti kwa mkono. Baba, pumzika!”

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Halima, jirani yangu wa kibanda, akavipiga kuwashinda wote, na hapo ndipo nilipojua kwamba mmeshapanga: yeye anachukua kibanda changu, mnang'oa zile mbao zilizo katikati, na mimi narudishwa nyumbani kama mfalme. Nilikukumbatia. Nilicheza hata. Lakini niliogopa, mama. Nakuambia waziwazi kwa sababu barua haiwezi kunikatiza: niliogopa vibaya sana.

Niliogopa kwa sababu maneno yale nayajua. Ni yangu. Nilimwambia cucu yako, mama yangu mzazi, hayohayo, kwa mapenzi hayohayo, na nikapigiwa vigelegele hivyohivyo. Sehemu ya habari hii unaijua, lakini uliijua ukiwa mtoto, na nyinyi watoto tuliwaambia “cucu amezeeka” tukaishia hapo.

Cucu yako alikuwa mwanamke wa Ishiara aliyeamka kabla ya jogoo kupata sauti. Alilima ndengu na mtama, alifuga mbuzi, alisuka viondo huku akitembea, naam, akitembea, kamba vidoleni na mzigo mgongoni. Siku ya soko aliondoka alfajiri akarudi jioni na habari za watu wote wa Mbeere. Alijua mbuzi wa kila boma, na mama wa mbuzi huyo, na bibi yake. Ukibishana naye juu ya nani alioa mwaka gani, ulikuwa unajitafutia aibu bure.

Mimi nilipoanza kupatapata hapa Meru, kitu cha kwanza nilichotaka ni watu wa Ishiara waone kwamba Njeru ana mama asiyeshika jembe. Unajua kwetu kulivyo. Mzee akionekana shambani ilhali watoto wake wana kazi mjini, watu huuliza kwa sauti: kwani huyu hakuzaa? Basi nikamjengea nyumba ya mawe, sakafu ya vigae, makochi ya maua, zulia jekundu, televisheni ya sola. Nikaandika mtu wa kulima na kuchunga mbuzi. Na lile jembe lake, lenye mpini uliokuwa mweusi kwa jasho lake, nikampa jirani. Jioni cucu akaniuliza, “Njeru, nimekukosea nini?”

Nilicheka. Nikamwambia, “Mama, pumzika.”

Kikundi chake cha wanawake kilikuwa kikikutana kwake kila Alhamisi kusuka na kuimba. Alhamisi ya kwanza baada ya nyumba kwisha walifika, wakatazama vigae, wakatazama zulia, kisha wakatazama miguu yao yenye vumbi. Wakasimama mlangoni. Alhamisi iliyofuata waliishia langoni, wakasalimia kutoka huko. Baadaye hawakuja, nami nikawa najisifu kwamba siku hizi kwa mama kuna utulivu. Zulia lile lilikuwa zuri, nakwambia. Nilichagua mwenyewe.

Na chakula! Uji wake wa mtama, mboga zake za kunde, ndengu zake za kila siku, mimi niliviita vyakula vya shida. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea mkate mweupe, siagi, sukari, kreti ya soda na kopo la mafuta ya mgando. Akanenepa. Watu wakanishika mkono njiani: “Njeru, mama yako amenawiri!” Kumbe iliyokuwa ikinawiri ni presha, na hakuna hata mmoja wetu aliyempeleka kupimwa.

Kisha masikio yakaanza kuziba. Ukimwita mara moja hageuki. Mwanzoni tulipaza sauti. Tukachoka. Tukaanza kuzungumza juu yake akiwa palepale katikati yetu, tukimwekea chai na kuendelea na mambo yetu. Alitabasamu tu. Mimi nilidhani ametosheka.

Kusahau kulianza kwa vitu vidogo vya kuchekesha. Chumvi mara tatu kwenye sufuria moja. Ungo akauita “kile cha kupepetea”. Kisha siku moja akapotea kati ya nyumba na kisima alichokuwa akichota tangu aolewe. Walimkuta ameketi kando ya njia, anangoja apelekwe kwa mama yake, ambaye alifariki kabla mimi sijazaliwa. Wengine walisema amerogwa. Mimi nikasema ni uzee, nikajiona msomi.

Mwaka huo tulienda Krismasi, wewe ukiwa darasa la tatu. Ulimkimbilia, akakushika kidevu akakuuliza, “Wewe ni wa nani?” Ulicheka, maana kila mzee wa kwetu humuuliza mtoto swali hilo, hata akimjua. Kisha akaniangalia mimi, akaniuliza vilevile. “Na wewe, kijana, ni wa nani?”

Nikamwambia, “Ni wako, mama.” Nikatoka nje nikalia nyuma ya nyumba.

Ndipo nilipompeleka Embu. Daktari alikuwa binti wa Kiembu, mdogo, nywele za kusukwa, hana haraka. Akaanza kuniuliza.

“Presha yake ilipimwa lini mara ya mwisho?”

“Huyu hajawahi kuugua, daktari.”

“Anasikia vizuri?”

“Aa, hiyo ni uzee tu.”

“Na mchana wote huwa anafanya nini?”

Nikakaa vizuri kitini. Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja. “Hafanyi chochote, daktari. Tumempumzisha kabisa. Hata kijiko hashiki.”

Daktari akaacha kuandika. Akalisoma jina kwenye kadi, akamtazama cucu, akamsogelea mpaka sikioni, akasema kwa Kiembu, polepole, “Wawira. Na huna kazi?”

Mama, mimi nilizaliwa na Wawira, nikamzaa Wawira, na sikuwahi kulisikia jina hilo mpaka siku ile. Wira ni kazi. Wawira ni wa kazi. Kila mtoto wa Embu na Mbeere anajua hivyo, ila tunaliita jina kila siku mpaka linakuwa sauti tu. Mama yangu alipewa jina la kazi, akalitendea haki miaka karibu sabini. Halafu mwanawe wa pekee akaja na gari la vigae akamnyang'anya kazi, akamwachia jina. Na cucu, ambaye siku hizo hakuwa akijibu mtu, alimtazama yule binti akasema, “Walinichukulia.” Neno moja hilo.

Nilimuuliza daktari kama ni mimi niliyemharibu. Hakunidanganya. Alisema, “Mzee, siwezi kukuambia ni wewe. Ugonjwa huu wa kusahau una njia nyingi za kuingia. Umri ni njia. Ukoo pia, kwa wengine. Hizo huwezi kuzifunga. Lakini kuna njia zingine za kufungwa, na mmeziacha wazi.” Akaanza kunieleza: presha isiyotibiwa inaharibu mishipa ya kichwani vilevile inavyoharibu ya moyo. Sukari nayo hivyohivyo. Masikio yakiziba na yasisaidiwe, ubongo unakosa mazungumzo. Mwili usipotembea, watu wasipokuja, kichwa kisipopewa kitu kigumu cha kutafuna, basi kinaanza kulala mchana. Sigara, pombe nyingi, kuanguka na kugonga kichwa, yote akayataja. Akasema mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado augue, na mwingine afanye ovyo aponyoke. “Lakini kupunguza hatari si kitu kidogo,” akasema. “Na hakuanzi ukizeeka.”

Tulirudi na vidonge vya presha, na baada ya miezi kadhaa mashine ya sikio moja. Niliondoa zulia. Nikaenda kwa wale wanawake mmoja mmoja, kofia mkononi, kuwaomba warudi na miguu yao na vumbi lao. Wawili walikubali. Nikamletea ungo na ndengu chafu makusudi, zenye mawe, akachambua. Jina langu lilikuwa limeshaenda, lakini mawe aliyaona yote, hata yale yenye rangi ya ndengu. Hakupona, mama. Sitaki uelewe vibaya. Aliendelea kuteremka mpaka tukamzika ukiwa kidato cha pili. Lakini siku zake za ungo hakulia jioni, na siku moja wanawake wale wakiimba, aliingia kati akaimba ubeti mzima ambao wao wenyewe walikuwa wameusahau. Ningekuwa na akili mapema, angekuwa ameimba miaka mingi zaidi. Hilo nalijutia kila nikiona ndengu, na mimi ni muuza ndengu.

Sasa utadhani baada ya hapo nilikuwa mtu mwema. Wapi! Nilirudi Meru nikaendelea na sigara zangu za jioni, nikapanda pikipiki kutoka Kaaga mpaka hapa sokoni, mwendo ambao kuku angetembea. Presha yangu mwenyewe sikupima. Niliona yale ni ya wazee, na mimi nilikuwa kijana wa miaka hamsini.

Kilichoniamsha ni Mama Halima. Miaka mitatu iliyopita, wewe ukiwa chuoni, mteja aliniuliza mchele unapatikana wapi, nikanyoosha mkono kwa jirani nikasema, “Pale kwa… kwa…” Jina halikuja. Mwanamke niliyeuza naye bega kwa bega miaka kumi na tano! Yeye alisikia, akacheka mpaka akashika nguzo.

“Wallahi Baba Wawira, umenifuta! Mimi ni Mama Halima, mama wa watoto sita, nakusumbua kila siku, na umenifuta?”

Nilijaribu kucheka nikashindwa. Akaona uso wangu, akaacha kucheka. Nikamwambia habari ya mama yangu, yote, jembe na zulia. Alisikiliza akipima mchele. Kisha akasema, “Funga kibanda. Twende zahanati sasa hivi. Mimi nitasimama mlangoni, usikimbie.”

Presha ilikuwa juu, mama. Juu sana. Muuguzi alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akanitazama akaniuliza kama nimekuja na mtu. Mama yako anajua, wewe hatukukuambia kwa sababu ya mitihani. Nisamehe kwa hilo. Kuhusu lile jina lililopotea, waliniambia huenda ni uchovu, huenda ni usingizi mbaya, mtu yeyote hupotewa na jina. Lakini presha ile haikuwa ya kubembelezwa.

Na hapa sasa ndipo ninapotaka ukae mkao wa kusikia, kwa sababu hii ndiyo sehemu tamu na nimeingoja tangu nianze kuandika!

Kidonge changu nakimeza kila asubuhi na chai. Sigara niliziacha. Wiki ya kwanza mama yako alitaka kurudi kwao kwa jinsi nilivyokuwa mkali. Zile chupa za bia za Jumamosi na wenzangu, imebaki moja, na mara nyingi naisahau nusu. Uji wa mtama umerudi mezani na kunde zimerudi, na sasa nashangaa nilikuwa na wazimu gani kuviita vya shida. Masikio nilipima: mazuri, ingawa mama yako amekataa kuamini, anasema yanasikia mpira peke yake. Na natembea. Kutoka Kaaga mpaka Gakoromone kila asubuhi, na jioni kurudi, kile kilima cha kurudi kikinitoa ulimi. Wiki za kwanza wenye pikipiki walinifuata wakidhani nimefilisika. Sasa wananipigia honi na kuniita kamanda.

Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba najifunza Kiborana. Usicheke! Mama Halima ananifundisha wakati wateja ni wachache, mimi namfundisha Kimbeere. Nilianza na salamu, nikadhani nimemaliza. Aa wapi. Lugha ile ina milango mingi. Mwezi jana alikuja mzee mmoja kutoka Isiolo, kilemba na fimbo, nikataka kumwambia karibu kiti, na kwa maelezo ya Mama Halima nilimwambia apande mbuzi. Mzee akatazama huku na huku akitafuta mbuzi. Soko lilianguka kwa kicheko. Nikaenda nyumbani nikarudia neno lile mara hamsini njiani, na mzee alipokuja tena nikamkaribisha sawasawa, akakaa, akanisimulia habari za ngamia saa nzima. Nilielewa robo. Robo nzima, mama! Nilitembea jioni ile kichwa kikinichemka kwa furaha, kama mtoto aliyesoma jina la duka kwa mara ya kwanza. Sijui kama nakuelewesha. Nina miaka hamsini na nane na kuna vyumba ndani ya kichwa changu ambavyo sijawahi kuvifungua.

Hii ndiyo kazi uliyotaka kunipumzisha.

Unaona magunia. Magunia nayo yana watu wa kuyabeba, siku hizi mimi nabeba debe tu. Lakini huoni kwamba hapa nahesabu kwa kichwa kutwa nzima, nabishana na wanawake ishirini kabla ya saa nne, nakumbuka nani anapenda maharagwe makubwa ya njahi na nani ana mgeni. Nacheka. Nikinyamaza dakika kumi mtu ananiuliza kama naumwa. Ukinitoa hapa ukanikalisha mbele ya televisheni, utakuwa umenipa zulia jekundu. Najua unanipenda. Mimi pia nilimpenda cucu yako, na hilo ndilo linalonitisha.

Usijilaumu. Ungejuaje? Nilikulea nikikuonyesha kwamba mtoto mwema ni yule anayempumzisha mzazi. Ulinitazama nikijenga ile nyumba ya mawe. Kosa ni langu, wewe umelirithi tu pamoja na jina.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme na yako kidogo, nawe unipe masikio kabla hujayaziba na vile vidude. Nianze na hivyo. Nikisimama sebuleni nasikia wimbo ulio ndani ya masikio yako wewe ukiwa chumbani. Punguza. Masikio yale utayahitaji ukiwa na miaka themanini, umsikie mjukuu wako anakuambia nini. Na usiku acha simu ilale chumba kingine. Nimekuona, unalala muda wa saa nne tu, tena kwa mafungu, halafu unakunywa zile soda za kukutia nguvu. Mimi nililala hivyo miaka mingi nikijisifu kwamba silali, na sidhani kichwa changu kilikuwa kinacheka pamoja nami. Ukipanda pikipiki Kisumu, vaa helmeti, hata kama ni hapo tu, hata kama nywele zimetoka kusukwa. Nywele zitasukwa tena. Pima presha ukiwa kijana, upate kuijua kabla haijakujua.

Basi, nimemaliza kukusumbua. Hayo mengine ni ya raha. Tembea Kisumu uijue kwa miguu, wewe ni mtu wa maji, fuata mabomba yako yanapokwenda. Kula samaki na zile mboga zao chungu. Na jifunze Kijaluo! Hilo nakuonea wivu kabisa. Utaingia mji mzima ambao huelewi neno, kila mtu ni mwalimu, kila kosa ni kicheko, na kila jioni kichwa kitakuwa kimekua kidogo. Usijifungie na watu wa kwetu kuzungumza habari za kwetu. Keti na mama anayeuza omena, wale dagaa wa huko, umuulize kitu, ukosee, akurekebishe. Ukija Desemba unisalimie kwa Kijaluo, nami nikujibu kwa Kiborana, na mama yako atufukuze wote wawili.

Sikupi ahadi yoyote, mama. Yule daktari wa Embu hakuniahidi, nami siwezi kukuahidi. Huenda nikafanya haya yote na bado siku moja nikakushika kidevu nikakuuliza wewe ni wa nani. Ikifika hapo, usinifanyie mtihani. Usiniambie “Baba, kumbuka bwana, mimi ni nani?” kama wanavyofanya wageni, wakimkazia mzee macho. Nitajie jina lako tu, halafu unipe kitu cha kufanya. Lakini hapo tusiende bado. Mimi nina nia ya kuchelewa sana kufika huko, na naomba unisaidie kuchelewa.

Ngoja kidogo. Mama Halima amekuja.

Ameenda sasa, saa kumi na moja inakaribia. Alikuja na kamba ya kupimia. Alisimama pale kona ya mtama akasema, “Baba Wawira, hii mbao nikitoa, si mchele utaingia mpaka hapa? Wawira ameniambia Jumatatu.”

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Nikamwambia, “Mama Halima, hapana. Jumatatu mimi niko hapa. Na Jumanne.”

Akanitazama. Nilidhani atakasirika, maana mke wa mwanawe mkubwa wa kiume alikuwa aanze kuuza naye kwenye nafasi hii, na mimi nilijua. Alikunja ile kamba polepole. “Na mbona ulicheza Jumapili?”

“Nilikuwa naogopa kukataa mbele ya watu.”

“Mwanaume mzima!” akasema. Kisha akajifuta jicho kwa mtandio na kusema, “Afadhali. Mimi nilikuwa najiuliza, sasa nitagombana na nani?” Akaomba huyo mke wa mwanawe apewe ile sehemu ya mbele ninapoweka maboga, nikakubali. Kwa hivyo tutakuwa watatu, na mwalimu wa pili wa Kiborana, ambaye nimeambiwa hana huruma hata kidogo.

Kwa hivyo nimeikataa zawadi yako, mama, na nimefanya hivyo kabla hujaisoma barua hii ili usipate nafasi ya kunishawishi. Ukikasirika, kasirika njiani, Kisumu ni mbali. Lakini najua hutakasirika, kwa sababu nimekuzaa mimi.

Kesho nitakusindikiza mpaka steji. Nitakukumbatia, nitakubebea begi lako mpaka mlangoni, nitamwambia dereva kwamba amembeba mhandisi. Halafu gari likiwasha tu nitageuka niondoke kwa haraka bila kupunga mkono. Usidhani sina uchungu. Nitakuwa nalia, ndiyo, lakini nitakuwa natembea, kwa sababu itakuwa saa mbili kasoro na nitakuwa nimechelewa kazini.

Baba yako,
Njeru